Viatu vya Shangazi Kulash

Langoni (kama nguzo mbili za chuma
na uzio ulioibwa ni lango)
kijana Nurtas anatugawia mifuko ya plastiki ya buluu.
"Kila mtu avae juu ya viatu.
Msikae chini. Msiokote kitu."
Shangazi Kulash anaupapasa wake
kama mtu anayechagua kitambaa dukani,
kisha anauliza, bila hasira:
"Mwanangu, maziwa ya nyika hii
nimeyanywa miaka sitini na mitano.
Leo, kwa saa moja, ndiyo unanifunga miguu?"

Nurtas analitazama gari.
Tunavaa. Tunatembea tukichakarisha.

Nilidhani pangekuwa peusi.
Ni pakanga tu, pakanga hadi macho yachoke,
na harufu ile ile chungu
aliyokuwa akirudi nayo baba kutoka malishoni.
Minara ya zege imejipanga kuelekea kitovuni.
Bukini, ndivyo tunavyoiita, kwa shingo zake.
Kila mmoja umeegemea nyuma kidogo,
kama aliyepigwa kofi
akabaki pale pale akingoja kuelezwa kosa.
Upande mmoja zege limetoka malengelenge.

Matumboni mwake mlikuwa na vyombo vya kupimia.
Walipima mwanga, walipima kishindo,
walifunga kondoo kwa minyororo, hatua kwa hatua,
wakawapima nao.
Sisi tulikuwa kule upepo unakokwenda.

Na kitovu chenyewe?
Dimbwi. Matete. Bata wawili.
Ningemnywesha farasi hapa, nisingeuliza.

"Ilikuwa Agosti," anasema shangazi,
akiliambia dimbwi zaidi kuliko sisi.
Askari walikuja na lori, wakasema ni mazoezi.
Toeni vyombo nje. Fungueni madirisha.
Laleni mferejini kifudifudi, msitazame.
Mama yake akamfunika blanketi zito la sufu,
lakini cheche ya jiko ilikuwa imelitoboa,
tundu dogo kama punje ya mtama,
na mtoto wa miaka saba, mwambie asitazame!
Akaona ndama wao amesimama tuli,
kivuli cha ndama kikikimbia.

Kishindo kilifika baadaye, kama mgeni mzito.
Vyombo vyote vilivunjika ila birika.
Jioni wakachemsha chai.

Anaanza kuhesabu kwa vidole:
Batesh, Amantai, yule mdogo asiyepewa jina...
Anapofika mkono wa pili anaacha,
anafunga kilemba chake upya,
ingawa hakikuwa kimelegea.

Nami nina langu, sijamwambia.
Miaka ile mishahara ilipokatika
tuliingia usiku na tochi, mimi na Daulet,
kwenye mahandaki ya mlima ule pale,
tukachimba nyaya, tukazichoma, tukauza shaba.
Daulet alisema mionzi haina harufu,
njaa inayo.
Daulet tulimzika mwaka juzi.
Fungu langu lilinunua koti la baridi,
la kahawia, lenye kola ya manyoya,
nikamwambia shangazi nimepata kibarua mjini.
Amelivaa leo. Huwa analivaa safarini.

Wakati wa kutoka tunavua mifuko,
Nurtas anatupitishia kipimo, mmoja mmoja.
Tik. Tik. Viatuni. Magotini.
Kinapanda taratibu kwenye koti,
kinakawia kwenye kola,
na mimi nasahau kuvuta pumzi,
kana kwamba mashine ile inasoma risiti.

"Safi," anasema Nurtas.

"Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Hilo neno. Liandike kwenye karatasi,
uligonge muhuri.
Kesho kutwa nina miadi na daktari."

Nurtas anapapasa mfuko wa shati,
anapapasa suruali, anafungua mlango wa gari,
anainama chini ya viti.
Shangazi anasubiri, mkono ameunyoosha.
Hakuna kalamu.